Nakala ya Siku ya Tisini

Kila siku saa kumi jioni nafungua lile dirisha jeusi la kompyuta, naandika amri ya mstari mmoja, na faili zote za chuo zinanakiliwa kwenye diski ya akiba. Walimu hudhani nacheza. Waache wadhani, siku faili zao zikipotea watanijua mimi ni nani.

Kazi hii nilifundishwa na Dada. Hatukuzaliwa pamoja, ila tulikaa chumba kimoja cha kazi miaka kumi na mmoja, akanigombeza yote kumi na mmoja. "Nakala usiyoijaribu ni porojo, mdogo wangu," alikuwa akisema. Basi tukajiwekea utaratibu: yeye akinakili, anaficha humo kijifaili chenye maneno mawili matatu, mimi nakirudisha kutoka kwenye diski, nakisoma, kisha natia sahihi daftarini. Kesho yake tunabadilishana zamu. Dada aliandika utani mtupu. "Hilo shati lako limepigwa pasi na adui."

Sasa Dada ni marehemu. Nanakili peke yangu, na kujaribu nimeacha. Nijifichie maneno yangu mwenyewe halafu nijifanye sijui? Nimekuwa mpweke hadi naisalimia feni, wala sioni haya kusema.

Diski yetu hutunza siku tisini tu. Nakala mpya ikiingia, iliyo kongwe kuliko zote inafutika. Leo zamu ya kufutika ilikuwa ya siku ya mwisho ya Dada kazini, na ile sikuisoma kamwe. Siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Niliandika "Imejaribiwa" daftarini, nikatia sahihi, bila kugusa hata kitufe kimoja. Alfajiri Dada alikutwa kwake amekwisha kufa. Moyo, walisema.

Leo sikuthubutu kunakili. Niliandika amri ya kurudisha, nikakitaja kijifaili chake cha siku ile. Kikaja kizima.

"Mdogo wangu, leo sina utani. Kifua kinanibana tangu asubuhi, na naogopa kwenda hospitali peke yangu. Kukwambia kwa mdomo naona haya. Ukishasoma, nisindikize."

Nakumbuka jioni ile alisimama mlangoni, mkoba begani, akinisubiri. Aliitazama sahihi yangu, akanitazama mimi, kisha akasema taratibu, "Haya, wahi mpira wako."