Bilauri ya Maji kwa Mwenyekiti Mariano

Losha alikuwa bado amekaa juu ya kitanda cha zahanati, akifuta mafuta ya kipimo tumboni kwa upindo wa sketi yake nzito ya sufu, daktari alipomuuliza kwa mara ya pili kama anakunywa pombe.

"Sijawahi hata kuionja," alisema. Nesi, binti wa huku huku milimani Chiapas, kusini mwa Meksiko, akatafsiri.

Daktari akamkonyeza nesi. Alikuwa kijana wa mjini, ameletwa kumalizia mwaka wake wa lazima wa utumishi, na tangu afike hajajifunza hata kusalimia kwa lugha ya huku. "Wote husema hivyo. Ini limejaa mafuta, sukari iko juu, presha iko juu. Sasa ni nini kama si pombe?"

"Labda soda, daktari," nesi alisema.

"Anakunywa chupa ngapi kwa siku?"

"Tatu. Nne kukiwa na jua," Losha alijibu. "Kama watu wengine."

Hapo kijana akapata la kuhubiri. Sukari ya soda huenda kwenye ini, ini likizidiwa huigeuza mafuta. Ini la mafuta, kisukari, presha na kitambi ni ndugu wa tumbo moja, akiingia mmoja huwaita wenzake. Asipoacha, ini litakakamaa. "Mwambie aache soda. Anywe maji."

"Maji yapi?" Losha aliuliza.

Nesi hakulitafsiri hilo. Aliangalia dirishani, akaita mgonjwa mwingine.

Kule kwa kina Losha bomba lilikauka tangu kiwanda cha soda kilipochimba visima vyake bondeni. Watu wa gari la maji la serikali walisema barabara haipandiki. Lori la soda liliipanda barabara hiyo hiyo kila asubuhi, likipiga honi kwa furaha, na serikali haikuona ajabu yoyote.

Mchana Losha na majirani walikwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mariano, kumwomba awafungulie maji ya bomba kuu. Antun, mwashi, alibeba kreti ya soda mgongoni. Mkono mtupu haulambwi. Enzi za babu zao ombi lilipelekwa na pombe ya miwa. Ulevi ulipopigwa vita, soda ikashika nafasi yake. Mwombaji hunywa bilauri yake mbele ya anayeombwa, ndipo maneno yake yanashika. Asiyekunywa hajaomba.

Losha, mkubwa wao kwa umri, aliinamisha kichwa kumwamkia kwa desturi ya huko, na Mariano akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kivivu, kama anayefukuza nzi. Sukari ilishamla Mwenyekiti huyo vidole viwili vya mguu, na bado alifungua chupa kwa meno.

"Ukame huu ni wetu sote, jamani," alisema. "Hata mimi bomba langu limekauka kama yenu. Mungu shahidi yangu! Haya, tunywe, halafu tuone."

Karani wake akamimina, ya kwanza akampa Losha, ya pili Antun.

"Nisamehe, mzee. Daktari amenikataza. Ini langu ni bovu."

"Ini!" Mariano alicheka hadi tumbo likatikisika. "Katoto kale ka juzi ndiko kanakufundisha adabu? Mimi nakunywa tangu ujana, nimekufa? Au unanidharau nyumbani kwangu?"

"Dada, kunywa tu," Antun alinong'ona. "Usituharibie. Moja haiui."

Losha aliogopa. Mama yake alikufa kipofu, mguu mmoja umekatwa, na kila aliyempa chupa alimwambia moja haiui. Lakini akikataa, kilima kizima kitarudi na ndoo kavu na lawama ni zake.

"Nitakunywa, mzee, nisikuvunjie heshima," alisema. "Ila mimi nipe maji."

Mgeni akiomba maji hanyimwi. Petrona, mke wa Mariano, alikuwa jikoni akikanda mahindi na hakuwa akifuatilia siasa za mumewe. "Haya, shangazi!" aliitikia, akatoka uani.

Ndipo wote wakasikia bomba. Lilifunguka kwa kishindo, likabubujika ndani ya ndoo. Petrona akarudi na bilauri imejaa pomoni, inamdondokea miguuni.

Mariano akainama kuangalia kizibo cha chupa. "Hiyo... hiyo ni akiba," alisema.

"Na kuomba kwa maji hakuhesabiwi," karani akadakia. "Ombi halijapokelewa."

Antun aliweka soda yake chini bila kuionja, akatoka. Wanawake waliokuja naye wakamfuata bila kuaga.

Losha alikunywa polepole hadi tone la mwisho, akampa Petrona bilauri.

"Niongezee, mwanangu," alisema. "Na bomba usilifunge. Wenzangu wamekwenda kuchukua ndoo."