Mkwe Mla Majani

Wenzangu wengi mapenzi yaliwashika moyo. Mimi yalinishika ulimi. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, dereva wa lori kubwa la mgodini, mwenye mshahara na redio, na tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kutafuna jani kwa hiari yangu. Nasema kwa hiari kwa sababu utotoni mama alinibana pua mara mbili tatu, na sitaki kuanza hadithi kwa uongo. Uongo utakuja wenyewe baadaye.

Nililelewa kambini, katika nyumba za kampuni, na kule majani yalikuwa na maana moja tu: posho imekwisha. Kampuni iligawa posho kila Jumamosi, ndiyo maana hapa Kolwezi Jumamosi tunaiita siku ya posho. Siku hiyo tulikula bukari, ugali wetu, kwa nyama, na Jumapili pia. Ikifika Alhamisi mama alikuwa anachuma matembele nyuma ya choo bila kumtazama mtu. Nikakua nikiamini kwamba mwanaume mwenye kazi hali majani. Wenzangu wa zamu waliponicheka niliwajibu kuwa mbuzi anakula majani, mimi ninakula mbuzi, kwa hiyo majani yananifikia, ila yanapita njia ndefu.

Kisha koti langu la abacost, lile vazi rasmi la wanaume lisilohitaji tai, likaachia mshono kwapani. Nikalipeleka kwenye foyer ya akina mama, nyumba yao ya mafunzo, ambako binti mmoja aitwaye Tshiela alifundisha kushona. Alilitazama koti, akanitazama mimi.

"Tata Kalala, iyi koti haina kosa," akasema. "Ni weye njo unakulaka sana nyama."

Nikampenda pale pale. Alipomaliza kwapa la kulia nilikwenda nyumbani nikapasua la kushoto.

Sasa nimtaje mama yake, maana ndiye mwenye hadithi. Mama Mbelu alikuwa mjane, mtu wa Kasai kama sisi, na kwa miaka kumi na sita aliuza lengalenga, ndio mchicha, sombe ya majani ya muhogo, na matembele katika soko la Manika. Mumewe alipofariki alilima bustani kando ya kijito, na kwa mafungu yale ya majani alilea watoto wanne na kumsomesha Tshiela. Watu walimwita Mama Majani, na si wote waliomwita hivyo kwa heshima.

Sisi Waluba tuna heshima ya ukwe, na heshima hiyo haina mchezo. Mkwe hasemi na mama mkwe, hamtazami usoni, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja wao hukwepea vichakani. Neno lolote baina yao hupitia kinywa cha mtu mwingine. Kwetu kinywa hicho kilikuwa cha Tata Stanislas, ndugu wa marehemu baba yake Tshiela, mzee ambaye majina ya kizungu yalipopigwa marufuku na serikali alibaki na lake kwa ubishi tu.

Jumapili niliyokwenda kujitambulisha niliketi sebuleni na Tata Stanislas, na Mama Mbelu alikuwa jikoni uani. Likaja bukari, akaja kuku mzima, likaja na bakuli la lengalenga lililofurika. Tshiela alikuwa amenionya: "Bakuli ya mama hairudiake na chakula ndani." Basi nikapanga vita vyangu. Nimalize adui kwanza, halafu nipumzike na kuku. Nikameza lengalenga bila kutafuna, tonge juu ya tonge, mpaka machozi yakanitoka. Nilipomfikia kuku tumbo lilikuwa limejaa, nikala bawa moja na kuliacha paja.

Tata Stanislas aliona yote, akaenda jikoni kuripoti. Majani yamekwisha kwanza, alisema, tena mkwe amekula huku analia, na kuku hakumshughulikia. Mama Mbelu akaweka mkono mdomoni, akaketi kwenye kigoda, akalia pia. Mzee akarudi na ujumbe.

"Anasema, toka bwana yake akufe, hakuna mwanaume wa kazi alikula majani yake vile. Kila siku ya posho bakuli yako itakuya."

Siku ya posho, jamani, siku yangu ya nyama. Nikasema aksanti. Ningesema nini?

Jioni ile nilimweleza Tshiela ukweli wote. Alicheka mpaka akaketi chini barabarani. Kisha akaacha kucheka.

"Mama alilia juu ya furaha," akasema. "Unazani nimemuona analia vile mara ngapi? Kama unataka kumuambia, enda umuambie."

"Siwezi kusema naye. Ni bukwe."

"Njo vile. Basi ukule."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini mimi nilimvua nguo Abibu aoge badala yangu. Abibu alikuwa jirani yangu, msafirishaji mwenye lori lake, mtoto wa Waislamu waliotoka upande wa Maniema, na watu wa kule hawahitaji kufundishwa kula sombe. Jumamosi ya kwanza alikula bakuli zima huku amefumba macho. Mimi nilikula sardini kando yake, tukaelewana vizuri sana. Bakuli la wakwe halirudi tupu, kwa hiyo nikatia sukari ndani. Mama Mbelu akaona sukari, akafurahi, na Jumamosi iliyofuata akaleta bakuli kubwa zaidi. Nikarudisha sukari na sabuni. Jumamosi ya tatu lilikuja beseni.

Ndipo Abibu akapata mzigo wa Dilolo. Ilikuwa masika, barabara yote matope, na alijua hatarudi kabla ya wiki tatu. Nilimsihi aahirishe. Alinicheka, akaniambia nianze na mchuzi na niweke pilipili nyingi, akawasha lori akaondoka.

Jumamosi ile beseni la sombe lilikuja kama kawaida. Tulitazamana nalo. Nikalibeba mpaka mlangoni pa choo, nimeazimia kulimwaga, nikafunua kifuniko. Sombe ilikuwa imetwangwa laini kabisa, hakuna uzi wala kikonyo. Kuna mtu aliyesimama na mchi tangu asubuhi kwa ajili yangu, na mtu huyo alikuwa na miaka sitini. Nikaona haya. Nikarudi ndani, nikapiga moyo konde, nikakata tonge dogo kuliko kidole cha mtoto, nikachovya kwenye mchuzi, nikafunika kwa pilipili. Masikio yaliwaka moto. Nikachovya tena. Beseni lile nilikula mpaka Jumanne, nikilipasha moto kila siku na kulilaani, lakini nilitafuna.

Jumamosi iliyofuata ilikuja lengalenga ya karanga. Nikala tonge moja, nikanawa, nikawasha redio. Baadaye kidogo nikaona mkono wangu umerudi kwenye beseni bila kutumwa. Niliutazama mkono ule. Nikauachia ufanye utakalo, na saa kumi beseni lilikuwa jeupe.

Ya tatu yalikuwa matembele kwa samaki mkavu na nyanya. Niligundua mwishoni kwamba samaki amebaki peke yake. Nilisimama katikati ya chumba changu, mwanaume mzima wa kilo tisini, nikacheza. Jumatatu mgodini nilinusa chombo cha mwenzangu nikamuuliza lengalenga ile imechumwa wapi, na wenzangu wakashauriana kunipeleka hospitali. Nilikwenda mbio kumweleza Tshiela. Alinigusa paji la uso kwanza.

"Hauna homa," akasema, halafu akanikumbatia mbele ya wanafunzi wake wote na sindano zao.

Nilikuwa na furaha ya kijinga siku nne. Siku ya tano Abibu akarudi kutoka Dilolo. Abibu hana ubaya, na ubaya usingeniumiza kama wema wake. Kabla hata ya kuoga alipita sokoni kumshukuru mpishi.

"Mama, yale majani unatumaka kwa Kalala, mi njo nilikuwa nakulaka," alimwambia. "Sombe yako inapita hata ya mama yangu."

Alikuja kunisimulia mwenyewe, anatabasamu. 

Jumamosi beseni halikuja. Alikuja Tata Stanislas kwa baisikeli, na alikataa kiti.

"Mama Mbelu anasema umusamehe," alisema. "Hakujua kama alikuwa anakusumbua na chakula ya bamasikini. Tena anasema, maneno ya mahari ingoye kwanza."

"Tata, sasa mi nayapenda. Ni kweli kabisa."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Leo nitajua je kama ni kweli?"

Nikamtafuta Tshiela. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama anasikia haya," akaniambia. "Toka Abibu amuambie, anapika nyama tu. Nyama ya mukopo. Haingize hata fungu moja ya lengalenga mu nyumba."

Niliogopa kumkosa Tshiela, nakiri, niliogopa mpaka sikulala. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba nilimfanya mwanamke yule aone haya kwa kitu kilicholea watoto wanne. Kila neno langu lingepita kwa Tata Stanislas, na Tata Stanislas alikuwa ameacha kuniamini. Nikakata shauri.

Jumamosi iliyofuata, watu walipotoka salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, na soko limejaa, nilivaa abacost yangu yenye makwapa mapya. Nikabeba mbabula, jiko langu la makaa, sufuria, karanga za kusaga, mafuta ya mawese, na bukari nililofunga kwa kitambaa. Nikaketi juu ya kreti ya bia, hatua kumi mbele ya meza ya Mama Mbelu, nimempa mgongo nisimwone uso. Mama Mianda, muuza nyanya aliyekuwa jirani yake, nikamwomba aninunulie mafungu matatu ya lengalenga kwa mama aliye nyuma yangu.  Kisha mafungu yakaja.

Sikuwahi kupika majani maishani. Nilipuliza makaa, nikatia maji mengi, nikatia karanga nyingi zaidi. Watu wakajaa. Walikuwepo wenzangu wa zamu, na mmoja akaniita:

"Kalala, mbuzi iko wapi?"

"Leo mbuzi ni mi," nikamjibu, na soko likacheka.

Basi nikakohoa kusafisha sauti, nikaiinamia mbabula.

"We mbabula, sikia. Siko nasema na mutu, niko nasema na weye. Siku ya kwanza nilimeza majani bila kutafuna, juu niliogopa. Kisha nikamupatia Abibu mara tatu. Ile yote ni buongo yangu. Lakini mara tatu yenye ilifuata nilikula mi mwenyewe, nikaacha samaki nikakula majani. Kama mwenye kupika anakasirika, iko na haki. Lakini asisikie haya. Mwenye haya ni mi. Mi mwenyewe nilikomaa juu ya matembele ya mama yangu, nikamusahau."

Hilo la mwisho sikulipanga. Lilitoka lenyewe, na nikaona uzito wake baada ya kulisema.  Nikakata tonge la bukari, nikachota lengalenga, nikala. Nikala tena.  Nilikuwa nimefika nusu ya sufuria, na tumaini langu limefika chini kabisa, ndipo nikasikia sauti ya mwanamke ambayo haijawahi kuniambia neno, ikizungumza na kikapu chake.

"Kitunga, uambie ile mbabula, mupishi alisahau chumvi."

Watu waliangushana kwa kicheko. Mimi sikugeuka.

"Mbabula," nikasema, "uambie kitunga, ni tamu vile vile."

"Kitunga, uambie mbabula, ule mutu anaanza tena buongo. Lengalenga bila chumvi haina butamu."

Nilitafuna. Nikafikiri. Ukweli ni ukweli.

"Mbabula, uambie kitunga, ni mubaya. Ni mubaya sana."

Ndipo nikamsikia akicheka. Lilikuwa cheko la Tshiela kabisa, la mtu anayeelekea kuketi chini. Lilichukua muda kuisha.

"Kitunga," akasema, "uambie mbabula aache kuniharibia majani yangu mbele ya baclients. Siku ya posho yenye kuya alete bakubwa bake, tuseme maneno ya mahari. Tshiela atamupikia. Mi nilimufundisha chumvi."

Mama Mianda akaja upande wangu na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Nikaikoroga kwenye sufuria, nikala mpaka nikakwangua chini. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye kola ya abacost, na Tata Stanislas alikuwa amesimama karibu na baisikeli yake anaona yote. Safari hii angeweza kuripoti anavyotaka.