Gurudumu la Upande wa Kulia

Siku hiyo chuma kililazwa saunani kama mgeni wa heshima, na wenye nyumba wakakaa nje.

Tauno alikuwa amelifungua gurudumu la mbele la gari tangu asubuhi. Aligonga beringi iliyolika mpaka ikatoka vipande vipande, kisha kile chuma kizito kinachoishika akakipandisha kwenye benchi la juu la sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, tanuri likiwaka kuni kavu. Beringi mpya ililala kwenye friza tangu jana, katikati ya matunda ya porini na samaki wa msimu uliopita. Kule kwao ziwani kila mwanamume hufanya hivyo. Chuma cha moto hutanuka, beringi ya baridi husinyaa, na kimoja humwingia mwenzake bila ugomvi. Mafundi wa mjini wana mashine ya kukandamiza. Watu wa ziwani wana sauna, na ukiwauliza watakuambia mashine ni ya watu wasio na subira.

Eila, mkewe, alikaa kwenye ngazi na kikombe cha kahawa akimtazama. Ilikuwa Juni, majira ambayo kule kaskazini jua halizami, na kwa majuma kadhaa alikuwa akilala usingizi wa juu juu tu, usiotofautiana sana na kuwa macho. Ziwa, nguo kwenye kamba, mgongo wa mzee wake: vyote aliviona kana kwamba tayari anavikumbuka akiwa mahali pengine. Maana Eila alikuwa anaondoka. Gari likishapona, Tauno angempeleka mjini Oulu kwa dada yake Irja, na safari ya kurudi angerudi peke yake.

Alikuwa amemwambia, tena waziwazi, wakati wa barafu. Walikuwa saunani, kila mtu mahali pake pa miaka yote, Eila kushoto kwa mumewe, karibu na ukuta. Alisema amechoka kuishi na mtu asiyemsikiliza. Alisema kiangazi kikifika atahamia kwa Irja, na kama Tauno ana neno la kumzuia, aliseme sasa. Tauno akachota maji, akayamwaga juu ya mawe, akaguna, "Mm." Mvuke ukawafunika wote wawili. Kwa watu wa kule, jibu kama hilo ni sawa na hati iliyopigwa muhuri, na Eila hakuuliza tena. Alilia, lakini saunani nani atajua jasho ni lipi na machozi ni yapi.

Na kilichomuuma zaidi, garini mume huyohuyo alikuwa mtu mwingine kabisa. Wakienda dukani alimsikiliza, akamjibu, akamtania kuhusu kofia yake. Wakirudi, wakivuka kizingiti tu, anageuka gogo. Eila alikuwa ameshakata shauri kwamba Tauno anaipenda barabara, na kwamba kilichomchosha ni nyumba, pamoja na aliyemo.

Gari lenyewe lilikuwa likinguruma tangu theluji iyeyuke, mngurumo mrefu wa chini, kama mtu anayembembeleza mtoto chumba cha pili. Tauno aliliendesha kichwa kikiwa upande, akasikiliza, akahukumu: gurudumu la mbele, kulia. Eila yeye alisikia kwamba sauti inatoka chini ya miguu ya mumewe, kushoto, maana magari ya kule usukani huwa kushoto. Asubuhi hiyo, Tauno akiwa amechuchumaa kwenye jeki, alimpita nyuma akamwambia silo hilo, ni la upande wa pili. Tauno hakuinua hata kichwa. Haya basi, Eila akajisemea, fungua unachotaka.

Chuma kilipoiva, Tauno alikitoa kwa glavu nene, naye Eila akaleta beringi, nyeupe kwa barafu. Iliingia kama kidole ndani ya pete. Tauno alimtazama akatabasamu kwa fahari ya bwana harusi, uso mzima ukiwa masizi. Eila alimpenda bado, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Walipomaliza kukaza nati ya mwisho wakaingia garini kujaribu. Barabara ilipita msituni, na ule mwanga usiokwisha ukatiririka katikati ya miti mpaka Eila akahisi kwamba si wao wanaokwenda, ni msitu unaoondoka. Kwa muda palikuwa kimya. Halafu mwendo ulipoongezeka, mngurumo ukarudi, uleule.

Tauno akasimamisha gari kando ya kinamasi. "Haiwezekani," alisema. "Sauti inatoka kulia. Si unaisikia?"

"Inatoka kushoto. Nilikuambia asubuhi."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia ukiwa kwenye jeki pale. Ukanifanya upepo, kama kawaida yako."

Tauno alimkazia macho, na mshangao wake haukuwa wa kuigiza. "Siku hizi kila kitu kinatoka kulia," akasema taratibu. "Hata mbu. Hata kengele ya kanisa."

Eila alishuka. Alizunguka nyuma ya gari mpaka kwenye dirisha la dereva, lililokuwa wazi, wakati Tauno ameinama akisikiliza usukani. Akasema kwa sauti ileile anayoitumia nyumbani, "Mzee wangu, nyumba inaungua."

Tauno aliendelea kuuchezesha usukani. Eila akabaki amesimama, mbu wakimla, na nyumba nzima ikampitia machoni: meza ya jikoni, anapokaa kushoto kwake, kitanda, anapolala kushoto kwake, benchi la saunani. Alitaka kucheka, lakini moyo ulimwuma kwa ile miaka. Akarudi kwenye kiti chake.

"Sikio lako la kushoto limekufa lini?"

Tauno aliligusa kwa kidole chenye grisi. "Nilijua limepungua," alisema hatimaye. "Kwamba limekwisha, sikujua. Baba alipovaa kile kifaa cha sikio tulimcheka wote, unakumbuka. Nikaona aibu."

"Na wakati wa barafu, saunani. Nilikuambia nini?"

"Uliomba mvuke. Nikamwaga."

"Na Oulu tunakwenda kufanya nini?"

"Kumtembelea Irja," alisema. "Nimemwomba jirani amwagilie nyanya mpaka turudi. Ila masanduku umefunga mengi, nikadhani unampelekea zawadi." Kisha akaacha kutabasamu, maana alimwona usoni. Alizima injini, akamgeukia, akamsogezea sikio lile zima. "Kwani uliomba nini, Eila?"

Angeweza kusema ndiyo, niliomba mvuke, na mambo yakaishia hapo. Lakini maneno yale alikuwa ameyabeba peke yake muda mrefu mno. Akayasema tena yote, pole pole, bila kupunguza hata moja: uchovu wake, nyumba ya Irja, na lile la mwisho, kwamba kama ana neno la kumzuia, aliseme sasa.

Tauno hakuguna. Mikono yake yenye grisi ilishika usukani wa gari lililosimama.

"Ninalo," alisema.

Halikuja mara moja, maana hakuwa na mazoea, na Eila akakaa akilingoja.