Aliyefungua Geti la Ikulu

Kabla hajawa mwalimu wa chekechea, Shangazi alikuwa mke wa mfalme. Mtaani walilijua hilo, ila walishalizoea, kama watu wanavyomzoea jirani aliyewahi kuwa mwanasoka. Mumewe alipinduliwa akafia gerezani, naye akaanza upya, akifundisha watoto kuhesabu kwa vizibo vya soda.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yake, mtengeneza filamu, alipomwomba amsimulie siku ya mwisho ikulu, hakumficha kitu. Si yeye aliyemlea tangu anatambaa? Alimweleza jinsi askari walivyozingira jumba, na jinsi mfalme alivyotaka kufungua geti kwa mkono wake ili watumishi wasiuawe, lakini akatetemeka mpaka ufunguo ukamponyoka. Akamwambia mkewe, "Nifungulie." Naye akafungua.

"Hilo la kutetemeka liache," Shangazi alimsihi. "Mwache alale na heshima yake."

Kijana akaahidi.

Siku ya uzinduzi walimkalisha mstari wa mbele. Filamu ilikuwa nzuri ajabu: farasi wakivuka mto alfajiri, ikulu ikimeremeta, na mfalme mwenyewe, mrefu, mtulivu, kama alivyokuwa enzi zake. Shangazi alijisahau, akawa anatabasamu gizani peke yake. Kisha akaona mwanamke aliyevaa gauni kama lililokuwa lake akinyata chumbani, akichomoa ufunguo chini ya mto wa mumewe aliyelala, akaenda kuwafungulia maadui. Mtu nyuma yake alisonya. Mwingine akasema, "Nyoka yule."

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi wamesimama. Kijana akamjia na shada la maua, akauliza ameionaje.

"Mimi niliiba ufunguo?"

Kijana alitazama huku na huku, akashusha sauti. Akamweleza kwamba geti lilipaswa kufunguliwa na mtu, na mfalme hakutakiwa kuonekana mwoga. "Si wewe uliyesema nisimwaibishe, Shangazi?"

"Nilisema umsitiri. Sikusema univue mimi nguo umfunike yeye."

Maua aliyaacha kwenye kiti.

Jumatatu yake darasa lilikuwa na mapengo. Mama mmoja aliyemleta binti yake alisita mlangoni, kisha akauliza kwa adabu kama yale ya kwenye filamu ni kweli. Shangazi alisimama na chaki mkononi. Ili ajisafishe, ilibidi amwanike marehemu.

"Si kweli," alisema hatimaye. "Mume wangu alishindwa kufungua, nikamfungulia. Alikuwa mtu mwema, na siku ile aliogopa."

Akakaa kwenye kiti cha mtoto, akalia mbele ya wanafunzi wake.

Yule mama aliwaeleza wenzake. Baadhi ya watoto walirudi, wengine hawakurudi. Mtoto wa kaka yake anapompigia simu, Shangazi hupokea, huuliza hali ya mke na watoto, humtakia kazi njema. Ya moyoni hajamwambia tena.