Maji ya Kwanza

...kwa hiyo haya ndiyo maji ya kwanza, makali, yanang'ata magoti, na huko nje Baba Mkubwa anachochea moto na kuuliza kupitia ukutani, "Seikichi, yakoje?" nami najibu, "Mazuri, Baba Mkubwa," ingawa sijui mazuri ni yapi, tangu nije nyumba hii yatima wa miaka saba nimeoga wa mwisho, katika maji yaleyale, baada yake, baada ya Iwazo mwanawe, baada ya Mama Mkubwa, hata baada ya Gohei kibarua wa mkaa, mpaka jioni ya leo, kwa sababu kesho naenda vitani, Mama Mkubwa kasema, "Aoge yeye kwanza," bila kunitazama, na Iwazo akacheka, "Loo, bwana mkubwa! Leo sisi ndio tutaoga makombo," mguu wake mfupi umemwokoa, karatasi nyekundu ya kuitwa jeshini ilikuja na jina langu peke yake... na wali wa kwanza wa sufuria huwekewa wafu, kila asubuhi baba na mama yangu wanapakuliwa kabla ya wote, pale kwenye kijisanduku chao cha ibada ukutani, wafu ndio wa kwanza humu ndani, wafu na mimi... siku ile ya kwanza sikujua kwamba ubao unaoelea kwenye pipa hili la kuogea hukanyagwa ukazama nawe, nilidhani ni kifuniko, nikautoa, chuma cha chini, kinachokaa juu ya moto, kikaniunguza nyayo, Iwazo akapiga kelele, "Mtoto wa mjini kajipika miguu!" na Baba Mkubwa akanipaka miso, rojo ile ya soya ya kupikia supu, kwenye malengelenge, kisha akasema, "Ubao ni wa kukanyagwa," basi, sikumbuki kama amewahi kunishika tena... lakini maji ya mwisho yalikuwa na watu, yalikuwa vuguvugu na mazito na yalikuwa na watu, tumbaku ya Baba Mkubwa, pumba za mchele ambazo Mama Mkubwa husindikia figili, jasho la Gohei, unywele wa Iwazo uliogandia begani mwangu, nilizama hadi kidevuni wakanizunguka wote, hakuna aliyeniambia sogea, na haya ya leo naona mpaka kucha za miguu, hamna mtu... "We Seikichi, umeiva?" Iwazo huyo mlangoni, "toka, askari, wenzako tunaganda!" ... mtu hunawa nje ya pipa kwanza, haingii na uchafu wake, Mama Mkubwa alinifunza hilo kwa mwiko, na leo nimejimwagia beseni moja tu, vumbi la mkaa bado liko nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo, chini ya kucha, nilidhani nimesahau... sikusahau... nasugua, linatoka jeusi, linatanda polepole mpaka miguu haionekani, Iwazo ataingia humu, na Gohei, na Mama Mkubwa atafoka, "Nani kachafua maji?" halafu atajua ni nani, na kesho nikiwa kwenye treni watakuwa nami shingoni, hata wakijifuta... "Yakoje sasa?" anauliza Baba Mkubwa, kuni zinalia, "niongeze?" na mimi nasugua, nasugua, namwambia, "Usiongeze, Baba Mkubwa, yako safi kabisa..."