Mlango wa Shangazi Nyaboke

Phoebe alikuwa amebakisha viatu tu aende zake kazini hotelini, huko Doha, alipompigia shangazi yake simu ya video. Shangazi Nyaboke alitokea amejifunika blanketi hadi shingoni, na nyuma yake, mahali pa mlango, palining'inia leso kama pazia.

"Shangazi, mlango uko wapi?"

"Si mmeung'oa?" Alisema bila hasira, na hapo ndipo pabaya. "Shaun alikuja na fundi jana. Akasema ni amri imetoka Doha. Nikasema basi, kama ni Phoebe, ana sababu yake."

Amri imetoka Doha! Vyumba vile vya kupangisha kule Kisii vilikuwa na wenyewe wawili tu, yeye na mumewe Arnold, na yeye hakuamuru kitu. Akaapa kwamba si yeye. Shangazi akatabasamu kwa upole wa kumsamehe mtu. "Haidhuru, mwanangu. Nyumba ni zenu."

Wenye nyumba wa kwao wanaujua mchezo huo. Mpangaji akikuchosha hubishani naye wala huendi kwa chifu. Unang'oa mlango, unawaachia baridi na wezi wakumalizie kazi. Lakini Nyaboke hakuwa mpangaji. Kiwanja cha vyumba vile alikinunua mwenyewe kwa biashara ya ndizi, akamwachia Phoebe kwa bei ya kutupa, akiomba chumba cha kona tu, akae humo mpaka Mungu amwite. Hawakuandikiana. Nani humwandikisha shangazi yake?

Sababu Phoebe aliijua. Mwezi mzima Arnold alikuwa akimsifu Bradley, dalali wa Nairobi aliyekuja Doha na suti yake na picha za maghorofa. Watoe vyumba, wapewe fleti Nairobi. Nyumba kwa nyumba, bila kuuza. Na ile kodi ya serikali juu ya faida ya nyumba, Bradley alidai, ingengoja mpaka siku watakayouza fleti. Kama ni kweli au ni maneno ya dalali, Phoebe hakujua. Alijua sharti tu: vyumba vikabidhiwe vitupu. Naye alikuwa amesema wazi kwamba shangazi haondoki. Arnold akanyamaza. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu!

Akampigia. Arnold alikuwa Lusail, nje kidogo ya Doha, ndani ya teksi yake, akingoja abiria.

"Umeng'oa mlango wa shangazi?"

"Babe, ni kumshtua tu kidogo. Ataenda kwa binti yake."

"Kumshtua! Mama wa miaka sabini!"

"Niko job, usinipigie kelele. Jioni nakuja na Bradley, una-sign, halafu tunaongea."

Akakata. Phoebe akampigia Shaun, mkusanya kodi wao, amwambie arudishe mlango saa hiyo hiyo. Shaun akakohoa kohoa. "Pole, madam. Bosi amesema nisirudishe mpaka aseme mwenyewe."

Bosi! Na vyumba vile vimejengwa kwa mshahara wa nani, wa kutandika vitanda vya wageni miaka yote hii? Phoebe alivisukuma viatu kando. Akamwomba mwenzake wa hotelini, Milcah, amshikie zamu, kisha akabisha kwa Levis, jirani wa chumba cha pili katika fleti waliyogawana pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud.

"Levis, una bisibisi?"

Jioni Arnold aliingia akicheka na Bradley, mkoba wa makaratasi kwapani. Kicheko kikamkauka. Chumba chao kilikuwa wazi kwa kila apitaye koridoni kwenda jikoni: kitanda, sufuria chini yake, chupi zake Arnold kwenye kamba. Mke wa Levis alipita na ugali wake, akasalimia vizuri sana.

"Phoebe, mlango uko wapi?"

"Umeng'olewa. Ni amri imetoka Kisii."

"Unaniaibisha mbele ya mgeni!"

"Mgeni arudi na karatasi zake. Mimi si-sign." Bradley alikuwa ameshageuka. "Wewe mpigie Shaun. Mlango wa shangazi ukirudi, na wako utarudi."

Arnold aliangalia kitanda, akaangalia koridoni, ambako Levis alikuwa amesimama na kikombe na hana haraka ya kwenda popote. Akatoa simu, akamwamuru Shaun kwa sauti ndogo. Kisha akaanza kuirudisha mfukoni.

"Bado," Phoebe alisema. "Sasa mpigie shangazi. Mwambie kwa kinywa chako ni nani aliyeamuru."