Kuitafuta Zebaki Mchana

Hadi Februari iliyopita, Linah hakuwa ameliogopa jua hata siku moja. Aliogopa malori ya barabara ya Nairobi. Aliogopa maji ambayo hayajachemshwa, waya za stima zilizolegea nyuma ya ploti, na kikohozi cha mtoto kikivuka siku tatu. Watu wa Lanet walimjua kwa hofu yake. Wariara, jirani wa mlango wa pili, alizoea kumtania: "Wewe Mama Jepkoech, hata kivuli chako kikikohoa utakipeleka hospitali." Lakini jua? Jua lilikuwa la kukausha nguo na mahindi. Nani angeliogopa?

Binti yake wa pekee, Jepkoech, alikuwa na miaka kumi, akiwa Gredi ya Tano. Babake, Kiptanui, alifanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hivyo homuweki zote zilimwangukia Linah, na homuweki za siku hizi, mzazi mwenzangu unajua, ni za mtoto na mamake. Linah aliishia darasa la nane. Mtoto akileta sehemu za desimali, yeye hukumbuka ghafla kwamba mboga inaungua.

Mwezi huo, hata hivyo, Jepkoech alileta sayari.

"Mami, unajua jua ni nyota?" aliuliza akivua viatu. "Mwalimu Maxwel amesema ni nyota kama zile zingine, tu iko karibu. Na sayari ziko nane, zinalizunguka jua, kila moja na njia yake."

"Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali," Linah akataja sita kwa mpigo bila hata kugeuka kutoka kwa sufuria.

Mtoto alibaki mdomo wazi. "Haiya! Umezijulia wapi?"

"Sisi tulizikariri kwa mtihani wa Kiswahili, mama. Usituone hivi."

Ni kweli alizikariri. Alizijua kama mtu anavyojua majina ya watu waliokufa kabla hajazaliwa. Hakuwa ameziona, wala hakujua kama zinaonekana. Lakini jioni hiyo alijisikia mrefu jikoni mwake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu mtoto aanze shule.

Mwalimu Maxwel alikuwa amewapa karatasi yenye jedwali: jina la sayari, tarehe uliyoiona, sahihi ya mzazi. Aliwaambia tatu zikipatikana zatosha, kwa sababu mwezi huo Zuhura, Mshtarii na Mirihi zilionekana vizuri jua likishatua. Mama na mtoto walitoka nje kila jioni kabla ya chakula. Zuhura waliiona siku ya kwanza, juu ya paa la Wariara, inang'aa mpaka Linah akadhani ni taa ya mlingoti. Mshtarii na Mirihi wakazipata. Linah aliweka sahihi zake tatu, polepole, akiogopa kuharibu karatasi.

Tatu zilitosha. Lakini Jepkoech alikuwa na mwenzake darasani, Unnati, mtoto wa wenye duka la vyuma. Unnati alikuwa na tatu pia, na alikuwa anatafuta ya nne.

Jumamosi asubuhi, kama saa nne hivi, anga lilikuwa jeupe kwa kiangazi, hakuna wingu hata la kusingiziwa.

"Mami, Zebaki najua iko wapi," Jepkoech alisema.

"Wapi?"

"Mwalimu alisema ndiyo iko karibu na jua kuliko zote. Sasa si ni kuangalia tu hapo kando ya jua? Ukitafuta kifaranga unaangalia karibu na kuku, ama?"

Linah alifikiri. Aliona hoja haina kasoro. Lakini hakuwa mjinga, na alijua kwamba jua halikodolewi macho hivi hivi. Akakumbuka mwaka ule jua lilipopatwa, watu wamejaa kando ya barabara wakipokezana picha za eksirei, wanatazama na kucheka. Wakarudi nyumbani wazima. Akaenda chumbani, akainua godoro, akatoa bahasha kubwa yenye picha ya mguu wa Kiptanui, wa siku ile alipoanguka kutoka kwenye lori.

Alijaribu yeye kwanza. Mama gani hangejaribu kwanza? Aliinua ile picha, akalitazama jua kwenye sehemu nyeusi, kando ya mfupa. Lilikuwa dogo, la rangi ya chungwa bivu, limepoa kabisa. Hakuumwa. Hakutokwa hata na chozi. Alihesabu moyoni hadi tano, akashusha.

"Ni sawa," akasema. "Haichomi."

Neno hilo, haichomi, ndilo Linah angelilipa chochote kulimeza tena.

Alimwachia mtoto picha na kuingia ndani kukanda unga. Alimsikia nje, anazungumza peke yake, ananyamaza, anarudi tena. Robo saa ilipita, pengine zaidi. Kisha kelele:

"Mami! Nimeiona! Nimeiona Zebaki!"

Linah alitoka mbio na unga mikononi. "Iko wapi?"

"Hapo! Nyeusi, ndogo, hapo kwa jua. Inatembea nikitembeza macho."

Linah alitazama tena, hakuona kitu. Akajiambia ni macho yake ya uzee. Akafuta mikono kwenye leso, akachukua kalamu na kuweka sahihi ya nne.

Usiku huo mtoto alikula vizuri, akalala vizuri. Jumapili asubuhi Linah alikuwa anamsuka nywele za kanisani, Jepkoech ameketi sakafuni kati ya magoti yake akitazama ukuta.

"Mami," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zebaki bado iko."

"Iko wapi?"

"Kwa ukuta." Akageuka, akamtazama mamake usoni. "Sasa iko kwa pua yako. Sioni pua yako, mami."

Mkono wa Linah ulikaa hewani na kitana chake.

"Fikicha macho," alisema.

"Nimefikicha tangu niamke."

"Inauma?"

"Haiumi. Imekaa tu."

Kama ingekuwa inauma, Linah angekimbia. Kwa maumivu alikuwa hodari. Lakini kitu kisichouma ukikiwahisha hospitali, watakuuliza ulifanya nini. Akamalizia kusuka. Kanisani Jepkoech alipewa fungu la kusoma. Alisoma mstari wa kwanza akikwama kama mtoto wa Gredi ya Kwanza, akaruka maneno ya katikati, akasimama. Watu waligeuza shingo. Mama mmoja nyuma alinong'ona kwamba watoto wa siku hizi hawafunzwi Biblia. Linah alitazama miguu yake.

Wariara alishauri jioni hiyo. "Ni vumbi hiyo. Februari hii yote, upepo umetulisha mchanga. Nenda kwa duka la dawa."

"Ndiyo, ni vumbi," Linah alisema haraka. Aliona amepewa mlango wa kutokea. Kwenye duka la dawa akasema vumbi, akapewa dawa ya matone. Akamtia mtoto matone asubuhi na jioni, siku tatu nzima, huku anajua, na kule kujua kumeketi naye mezani kama mgeni ambaye hakuna anayemkaribisha chakula.

Hakumpigia Kiptanui. Alichukua simu ampigie mamake huko Kuresoi, akaiweka chini. Mamake bado huliita jua Asis, jina ambalo wazee walimwitia Mungu. Angemwambiaje kwamba wamelitazama jicho kwa jicho?

Jumatano asubuhi Jepkoech alijimiminia uji. Alishika birika vizuri, akainamisha, na uji ukamwagika mezani, sentimita mbili kando ya kikombe. Aliendelea kumimina. Uji ulitiririka hadi kwenye sketi yake ya shule ndipo akaruka.

Hapo Linah alifunga mlango na kumshika mkono. Walikwenda kliniki ya macho mjini.

Daktari alikuwa mama wa makamo, Daktari Sudha, mwenye sauti ya chini. Alimsomesha Jepkoech herufi ukutani, jicho moja moja. Jicho la kushoto lilifika mstari wa nne. La kulia halikufika hata wa pili. Akazima taa, akamulika ndani ya macho, akakaa hapo muda mrefu.

"Mtoto alitazama nini?" aliuliza.

"Vumbi, daktari," Linah alisema. "Liliingia vumbi."

"Vumbi haliachi alama kama hii. Jepkoech, ulitazama kitu chenye mwangaza mkali? Moto wa kuchomelea vyuma? Jua?"

Jepkoech alimtazama mamake. Alimtazama kwa upande, maana mbele hakumwona vizuri. Kisha akasema, "Hapana, daktari. Ni vumbi tu."

Linah amepigwa maishani, amezika, amefukuzwa kazi. Hakuna kilichowahi kumchoma kama kusikia mtoto wa miaka kumi akidanganya ili kumfunika mamake.

"Ni mimi," alisema. "Ni jua. Alikuwa anatafuta sayari. Mimi ndiye nilimpa picha ya eksirei aangalie nayo. Nilimwambia haichomi."

Daktari Sudha aliweka tochi chini. Hakufoka, na ingekuwa afadhali afoke.

"Sikiza, mama. Nyuma ya jicho, pale picha inapotua, hakuna mahali pa kuhisi maumivu. Jua huchoma pale na mtu hajui. Ile eksirei inapunguza mwanga unaoonekana, basi. Mwanga mwingine ambao hatuuoni unapita. Na kwa sababu mtu anaona giza, mboni inafunguka zaidi. Unalifungulia jua mlango."

"Lakini aliona Zebaki. Aliona kitu cheusi hapo kwa jua."

"Mchana? Zebaki ni ndogo, na imezamishwa na mwangaza wa jua. Huonekana kwa dakika chache, chini kabisa karibu na upeo, jua likiwa limetua lote au halijachomoza. Ule weusi aliouona ulikuwa ndani ya jicho lake. Ndio aliokuja nao hapa."

Linah alifikiria ile karatasi. Zebaki, tarehe, sahihi ya mzazi. Alikuwa ametia sahihi kidonda cha mtoto wake.

"Dawa ni gani?"

"Hakuna. Matone acha. Tunangoja miezi mitatu, hata sita. Wengine hurudi kuona vizuri. Wengine doa linabaki maisha yote. Kwa jicho la kushoto nina matumaini. La kulia siwezi kukuahidi." Akampa karatasi yenye mraba wa mistari mingi iliyokatizana, na nukta katikati. "Kila asubuhi afunike jicho moja, atazame nukta. Mistari yote imenyooka. Akiona imepinda au imekatika, niambie."

Walipokuwa wakitoka, Jepkoech aliuliza, "Mami, ile kazi yangu mwalimu ameibandika ukutani. Sasa ataitoa?"

Linah alisimama palepale kando ya lango. "Ameibandika?"

"Jumatatu. Nilipigiwa makofi. Wote waliniuliza nilitumia nini, nikawaambia."

Hawakurudi nyumbani. Walikwenda shuleni moja kwa moja, na Linah, ambaye kwenye mikutano ya wazazi huketi karibu na mlango, aliingia Gredi ya Tano katikati ya somo. Mwalimu Maxwel alishtuka na chaki mkononi. Linah alimweleza kwa maneno manne, akamwona kijana wa watu akibadilika rangi.

"Mama, mimi niliwaambia tatu zinatosha," alisema kwa sauti ya kupotea. "Hiyo ya nne nilidhani mliiona jioni. Nikaona sahihi yako."

"Uliona sahihi yangu," Linah alisema. "Wacha niongee na watoto."

Aliwageukia. "Nani hapa ameenda kutafuta Zebaki kando ya jua?"

Mtu akacheka nyuma.

"Msicheke. Jepkoech hataweza kusoma ubao huu leo. Mimi mamake ndiye nilimpa eksirei. Nani amepanga kwenda?"

Unnati aliinua mkono nusu. "Jumamosi, auntie. Tumepanga sisi sita. Babu yangu ako na eksirei ya kifua. Na Kipngeno ako na kioo, tungekipaka moshi."

Sita. Linah aliwatazama mmoja mmoja, macho kumi na mawili meusi, safi. Akawaapisha kwa sauti, hadi wa mwisho, kwamba hawatalitazama jua. Kisha akaibandua ile karatasi ukutani yeye mwenyewe, akaichana pale jina la Zebaki lilipokuwa.

Hiyo ilikuwa Februari. Kiptanui alikuja mwisho wa mwezi, akaambiwa, akatoka nje akakaa huko hadi chakula kikapoa. Mwezi wa tatu jicho la kushoto lilikuwa limeanza kurudi, na daktari alitabasamu. La kulia alisema wangoje.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Linah huweka ile karatasi ya mistari mezani na kuliziba jicho la kushoto la Jepkoech kwa kiganja chake.

"Mistari ikoje?"

"Imenyooka, mami."

"Yote?"

"Yote. Ile kitu imeenda kabisa. Usijali."

Anajibu haraka, kwa sauti ya uchangamfu, sauti ileile aliyomwambia daktari ni vumbi. Linah haondoi kiganja. Anamwangalia mtoto, na anaona jinsi kichwa kinavyoinama taratibu upande mmoja, kidogo tu, ili ile nukta ya katikati aipate kwa pembe ya jicho.